Barua na Majibu: Lililosemwa na Lililoandikwa

Barua tatu za toleo hili zimetoka sehemu tofauti za visiwa vyetu vya Zanzibar, lakini zote zinauliza raia asiye na cheo afanye nini katika nchi ambayo uchaguzi upo, Baraza la Wawakilishi lipo na mahkama zipo, ila neno la mwisho limezoea kubaki mikononi mwa wachache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

SWALI: Assalamu alaikum, Mzee wetu wa safu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkaazi wa Wilaya ya Micheweni. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, mwaka 2001, na tangu aliporudi hataki kusikia neno siasa ndani ya nyumba yake. Mimi na wenzangu sita tumeanza kuwasaidia vijana wa shehia yetu wanaokwama kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho bila ya kuwa nacho mtu haandikishwi kupiga kura. Baba anasema tunajitafutia balaa bure, kwa sababu mambo ya visiwa hivi huamuliwa na wakubwa wakikaa peke yao, kama walivyokaa mwaka 1999, 2001 na 2009, na raia huja kuambiwa baadaye. Je, amekosea?

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Mfikishie baba yako salamu zangu, na kabla hujamwambia kwamba amekosea, kumbuka alicholipa. Maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yalidai uchaguzi urudiwe na Katiba irekebishwe, yakajibiwa kwa risasi. Watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao huko kwenu Pemba, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia pwani ya Kenya, hata nchi iliyojulikana kwa kupokea wakimbizi ikawa inawatoa. Mtu aliyelala ugenini kwa sababu ya karatasi ya kura hafundishwi ujasiri na kijana wa miaka 27, wala na mzee anayeandika akiwa ameegemea kiti.

Historia anayokupa pia ni ya kweli, isipokuwa ameifupisha. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini tarehe 9 Juni 1999 baina ya CCM, chama tawala, na CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, kwa upatanishi wa Jumuiya ya Madola, na yaliyokuwemo yalikuwa mazuri: Tume ya Uchaguzi irekebishwe, daftari la wapigakura liwe la kuaminika, mahkama ziwe huru. Lakini zilikuwa ahadi za vyama viwili, na hapakuwa na raia ambaye angeweza kwenda mbele ya hakimu na Muafaka mkononi akasema, nimedhulumiwa hiki. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2000 ukafika ahadi zikiwa kabatini, kura zikavurugika, majimbo 16 yakarudia tarehe 5 Novemba, na yaliyofuata Januari baba yako anayajua kuliko mimi.

Muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, ulikuwa wa wakubwa vilevile, lakini safari hii sehemu ya makubaliano iliingizwa katika Katiba mwaka 2002, na upinzani ukapata haki ya kupendekeza wajumbe wawili kati ya saba wa Tume. Daftari la kudumu la wapigakura nalo likaanzishwa, likatumika katika uchaguzi wa 2005. Sisemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa shwari, kwa maana haukuwa, na mazungumzo ya kutafuta muafaka wa tatu yalivunjika mwaka 2008. Hata hivyo yale yaliyoingia kwenye sheria yaliendelea kuwepo baada ya waliotia saini kuacha kusalimiana, na yale yaliyobaki kuwa maneno yaliondoka na wasemaji wake. Hiyo ndiyo tofauti ambayo ningependa wewe na wenzako muishike kuliko nyingine yoyote.

Niruhusu nikupe mfano ninaoujua kwa macho. Mwaka 1995 nilikuwa mmoja wa waliohesabu kura katika chumba cha skuli moja ya Unguja, kwa mwanga wa karabai, na wakala wa chama kimoja, ambaye hakuwa na karatasi, aliyaandika matokeo ya kituo kizima nyuma ya paketi ya sigara akaenda zake. Sikulitilia maanani jambo lile. Baadaye ikatangazwa kwamba katika kura za urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour wa CCM amepata asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8, tofauti isiyofika kura 1,600 kwa visiwa vyote, nami nikaikumbuka ile paketi ya sigara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kura ni mali ya mtu maskini. Tofauti ile ya kura chache ilitugharimu miaka ya watu kutozikana na kutooana, kwa sababu aliyeshindwa hakuwa na pa kwenda na aliyeshinda hakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Sasa linganisha na tarehe 31 Oktoba 2010. Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1, tofauti ya kura zipatazo 3,500, ambayo nayo ni ndogo mno, lakini usiku ule hakuna aliyetafuta mashua ya kwenda Shimoni. Watu walikuwa walewale, na wagombea walikuwa na hasira zilezile. Kilichobadilika ni kwamba Katiba ya 1984 ilikuwa imeshafanyiwa Marekebisho ya Kumi, yakamwekea mahali aliyeshika nafasi ya pili: Makamu wa Kwanza wa Rais atoke kwake, na uwaziri ugawiwe kwa kufuata viti vya Barazani.

Na hapa ndipo ninapoachana na baba yako kwa heshima zote. Ni kweli kwamba tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikaa Ikulu wenyewe, na wengi wetu tuliisikia habari hiyo baada ya chai kumalizika. Lakini kilichowakalisha ni kwamba mwaka uleule uandikishaji wa wapigakura huko Pemba ulikuwa umesimamishwa kwa muda kutokana na ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa vitambulisho: vijana waliokwenda kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, wakanyimwa, wakarudi, wakanyimwa tena, wakakataa kunyamaza. Mambo hayo ndiyo unayoyafanya wewe leo. Kisha makubaliano ya wazee wale wawili hayakuachwa yabaki kuwa kupeana mikono, bali yalipelekwa katika Baraza la Wawakilishi, na kutoka huko yakaletwa kwetu kwa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo. Theluthi moja walisema hapana, nao ni Wazanzibari pia, ingawa siku hizi hawatajwi kwa urahisi. Baba yako, kama alikwenda kituoni siku ile, basi naye alikuwa mmoja wa walioamua.

Atakujibu kwa neno moja tu: 2015. Na atakuwa na haki. Tulipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar, huku baadhi ya wajumbe wa Tume yake wakisema hadharani kwamba hawakushirikishwa. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku hiyohiyo na watu haohao ndani ya vyumba vilevile, zikabaki halali, na mpaka leo sijasikia maelezo ya jambo hilo ambayo naweza kumpa mwanafunzi wa darasa la saba akayaelewa. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020.

Baba yako anaona hapo ushahidi kwamba hata lililoandikwa hufutwa. Mimi naona kwamba walipita kwenye ufa ambao hatukuuziba. Katika marekebisho yote yale, hakuna aliyeandika kwa wino usio na shaka ni nani anaweza kuufuta uchaguzi, kwa kikao cha wajumbe wangapi, na kwa sababu zipi. Zaidi ya hapo, Katiba yetu inazizuia mahkama kuhoji kuchaguliwa kwa Rais aliyekwishatangazwa, kama Katiba ya Muungano inavyofanya katika Ibara ya 41(7), ambayo Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilishaamua mwaka 2020 kwamba inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kwa hiyo siku utakapokutana na Mwakilishi wako, usimwambie kwamba vijana wanataka demokrasia, kwa sababu naye atakwambia kwamba anaitaka, mtanywa kahawa na kuagana. Muulize kama atapeleka hoja ya kuifungua milango ya mahkama kwa mashauri ya uchaguzi wa Rais, na umwandikie barua kumkumbusha ulichomuuliza.

Sasa kuhusu vitambulisho. Kila kijana anayekataliwa mwandikieni ukurasa wake: siku aliyokwenda, saa, nyaraka alizobeba, alichojibiwa na shahidi aliyekuwepo. Kataeni jibu la mdomo, na mkinyimwa jibu la maandishi, andikeni nyinyi wenyewe kwamba mmelinyimwa, mpeleke barua ofisi ya usajili ya wilaya, mkihakikisha kwamba nakala yenu inapigwa muhuri wa kupokelewa na kuwekwa tarehe. Kesi ya kijana mmoja aliyekataliwa ni malalamiko, lakini kurasa 40 zenye tarehe na mihuri ni jambo ambalo ofisa wa wilaya atalazimika kulipeleka juu, na ambalo wakili anaweza kulifanyia kazi. Daftari linapobandikwa kwa ukaguzi, nendeni mkalisome jina kwa jina, kwa sababu muda wa pingamizi ni mfupi na ukipita umepita.

Msikae na kitambulisho cha mtu hata kwa usiku mmoja, msipokee hata shilingi mia ya nauli, na msiulize mtu anavaa fulana ya rangi gani. Akija kijana wa maskani ya CCM amekwama, mwandikieni ukurasa kama wengine. Siku mtakayomrudisha mmoja kwa sababu ya chama chake, mtakuwa mmempa sheha hoja aliyokuwa akiitafuta.

SWALI: Mzee, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wanawake ishirini wa Wilaya ya Kusini, Unguja, wakulima wa mwani. Kuna mradi wa maji katika shehia yetu uliozinduliwa kwa ngoma na hotuba, ukafanya kazi miezi minne, ukazimika. Tulipouliza fedha za matengenezo zimekwenda wapi, tuliambiwa tunaleta siasa. Mzee, karibu sote tuna kadi za CCM, na baadhi yetu ni viongozi wa tawi. Siasa gani tunayoileta?

JIBU: Marahaba, dada zangu. Neno siasa, kwa matumizi hayo, lina maana ya swali lililoulizwa na mtu ambaye hakutarajiwa kuuliza. Kadi zenu hazikuwasaidia kwa sababu aliyeulizwa hakuwa na jibu, na pengine nyinyi mmeumia kuliko ambavyo angeumia mpinzani, ambaye yeye angalau alishazoea kujibiwa hivyo.

Jambo la kulifahamu mwanzo ni nani anamwajibikia nani. Tanzania Bara mwenyekiti wa kijiji au mtaa huchaguliwa na wakaazi, lakini hapa kwetu sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hivyo macho yake hutazama juu, na hata akiwa mtu mwema, nanyi mna bahati ya kuwa naye, hana sababu ya kisheria ya kuziogopa kura zenu. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka masheha wachaguliwe, na nimelisema jambo hili mbele ya masheha wenyewe, baadhi yao wakacheka na wawili wakaniunga mkono pembeni. Hadi hapo litakapobadilika, wanaowategemea kwa kura ni diwani na Mwakilishi, na swali lenu lielekezeni kwao, sheha mumpelekee nakala.

Barua iwe fupi na iulize kinachoweza kujibiwa kwa tarakimu: mradi uligharimu kiasi gani, fedha zilitoka mfuko gani, nani aliukabidhiwa, na kwa mwaka ulipangiwa shilingi ngapi za matengenezo. Msiandike kwamba kuna wizi, kwa sababu hamjui kama upo, na pampu huharibika pia kwa chumvi na kwa mafundi wabovu. Bara walitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016, lakini sheria hiyo haitumiki Zanzibar, kwa hiyo jiegemezeni kwenye Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 1984, kinachohusu uhuru wa maoni na wa kupata habari, mkikitaja kwa namba yake. Nimeona barua ikibadilishiwa faili kwa sababu tu ilikuwa na namba ya kifungu. Mkikaa bila ya majibu, kumbukeni kwamba hesabu za serikali hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti zake hufika Barazani, ambako kuna kamati ya wawakilishi yenye kazi ya kuzichunguza. Mwombeni Mwakilishi wenu aulizie mradi wenu huko, kwa jina la shehia.

Wote ishirini mtie saini, na zile kadi za chama msizitaje. Mkizitaja mtakuwa mmekubali kwamba asiye na kadi hana haki ya kuuliza maji.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mkaazi wa Mjini Magharibi. Wakati wa kampeni rafiki yangu alipigwa usiku na watu waliovaa sare, lakini hatukujua ni askari gani. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa hao si wetu, nendeni kwa wenzetu. Tulalamike wapi?

JIBU: Pole, na mfikishie pole mwenzako. Kuna vyombo vya aina mbili na watu huvichanganya. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, na amri zake zinatoka kwa Inspekta Jenerali, si kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), Valantia, Mafunzo (yaani magereza) na Zimamoto ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi. Wale wanaofunika nyuso, ambao watu wa mjini waliwabatiza jina la mazombi, hakuna chombo kilichowahi kukiri kwamba ni wake, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha umuhimu wa kuandika namba ya gari na rangi ya sare hata kama hujui mwenye nayo.

Hatua ya mwanzo, kabla ya kutafuta nani alaumiwe, ni PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwa sababu jeraha lisiloandikwa na daktari hupona na kupotea. Kama mlikataliwa kituo kimoja, nendeni kingine, na mwandike jina la kituo na saa mliyokataliwa. Baada ya hapo ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ni ya Muungano lakini ina ofisi hapa Zanzibar, nayo inaweza kupokea malalamiko yanayohusu pande zote mbili, hivyo hakuna wa kuwaambia nendeni kwa wenzetu. Kwa ushauri wa wakili bila ya malipo, kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho miongoni mwa waasisi wake ni marehemu Profesa Haroub Othman.

Umeniuliza pia, chini ya barua, kama kuna mtu aliyewahi kupata haki kwa njia hii. Kesi huwa ndefu, na mashekhe wa jumuiya ya kidini ya Uamsho waliokaa ndani kwa miaka hadi mashtaka yao yalipofutwa Juni 2021 hawakurudishiwa hata siku moja. Lakini mnamo miaka ya 1997 na 1998 watu 18 wa CUF walikamatwa wakashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, wakakaa rumande karibu miaka mitatu, na mwezi Novemba 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar peke yake si dola kamili. Mwezi huohuo walikuwa wametoka wote. Hoja ya mahkama haikuwapendeza hata wao, kwa kuwa wengi wao ndio waliokuwa wakidai Zanzibar yenye mamlaka yake. Mwambie rafiki yako aweke nakala ya PF3 nyumbani kwa mama yake, na ile ya asili asimkabidhi mtu yeyote asiyemwandikia risiti.